Waya Usioonekana: Hatari ya Nyaya za Umeme kwa Ndege Ndogo Zirukazo Chini

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Katika mambo mengi ya maisha methali hii ni ya kweli, lakini liko jambo moja ambalo rubani wa ndege ndogo hulijua vema: kuna vitu ambavyo mwenye macho mazuri, katika mchana mweupe, anaweza kuvitazama asivione. Kimojawapo ni waya wa umeme. Katika makala haya tutajaribu kueleza kwa nini iko hivyo, kwa kutumia fizikia na hisabati zinazofundishwa katika shule zetu za sekondari. Tutaonyesha kwamba waya hauepukwi kwa macho, bali huepukwa kwa kujulikana kabla ndege haijaondoka ardhini.

1. Kwa nini Singida?

Mkoa wa Singida uko katikati ya nchi yetu, na kwa sababu hiyo umekuwa njia panda ya umeme. Njia kuu ya msongo wa kilovolti 220 hutoka Iringa, hupitia Dodoma na Singida, kisha huelekea Shinyanga. Katikati ya miaka ya 2010 ilijengwa sambamba nayo njia nyingine, iliyosanifiwa kwa msongo wa kilovolti 400, yenye urefu wa kilometa 670 hivi. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilianza kutumika njia ya kilovolti 400 inayounganisha nchi yetu na Kenya, kutoka Isinya kupitia Namanga na Arusha hadi Singida. Zaidi ya hizo kuna nyaya za msongo wa kati, zilizotandazwa juu ya nguzo za miti hadi vijijini kwa mpango wa Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007. Mahali palipokuwa pori tupu wakati mwalimu alipokuwa mwanafunzi, leo pana waya.

Hali kadhalika, Singida ni mkoa ambamo ndege ndogo zina sababu ya kuruka chini. Upande wa magharibi uko uwanda wa Wembere, ambao ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu yanayofahamika katika Tanzania. Mashamba ya mtama na uwele ya mikoa ya kati huvamiwa na kwelea-kwelea, na makundi yao makubwa hunyunyiziwa dawa kutoka angani. Kusini, katika mapori ya akiba ya Rungwa, Muhesi na Kizigo, wanyama huhesabiwa kwa ndege inayokwenda mita 100 hivi juu ya ardhi.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinamtaka rubani anayeongoza kwa macho asishuke chini ya mita 150 juu ya ardhi au maji, isipokuwa anaporuka na kutua au anapokuwa na ruhusa maalumu. Juu ya miji, kiasi hicho huongezwa kuwa mita 300 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho karibu. Kwa kuwa minara ya umeme mingi haifiki mita 100, anayefuata kanuni hii yuko salama. Lakini mnyunyizaji wa dawa hawezi kuifanya kazi yake kutoka mita 150, maana dawa ingepeperushwa na upepo isiwafikie ndege wala nzige. Yeye hulazimika kuingia katika tabaka la hewa ambamo nyaya zimo.

2. Fundisho la mwaka 1954

Afrika Mashariki inao mfano mmoja mashuhuri. Tarehe 23 Januari 1954 ndege ndogo aina ya Cessna 180, iliyoendeshwa na rubani Roy Marsh, ilikuwa ikizunguka juu ya maporomoko ya Murchison katika mto Naili, nchini Uganda. Ndani yake walikuwamo mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway na mkewe Mary, waliotaka kuyatazama na kuyapiga picha maporomoko hayo. Rubani alishuka ghafla ili kulikwepa kundi la ndege wa porini, na katika kushuka huko akagonga waya mkuukuu wa telegrafu ambao haukuwa ukitumika tena. Ndege ikaanguka vichakani. Wote watatu walinusurika, ingawa Mary alivunjika mbavu. Kesho yake walichukuliwa na mashua hadi Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Huko walipanda ndege nyingine, nayo ikashika moto ilipokuwa ikijaribu kuruka, na Hemingway akaumia vibaya zaidi. Magazeti kadhaa ulimwenguni yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chake.

Mkasa huu una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba waya ule haukuwa na umeme hata kidogo, na hata hivyo uliiangusha ndege. Hatari kubwa ya waya kwa ndege, basi, haitokani na umeme bali na waya wenyewe. La pili ni kwamba rubani alikuwa akitazama, tena kwa makini, lakini alikuwa akiwatazama ndege wa porini. Anayeruka chini huwa na mambo mengi ya kutazama kwa wakati mmoja, na waya ndio unaojionyesha kidogo kuliko yote.

3. Jicho na waya

Jicho zima la binadamu huweza kupambanua kitu ambacho ukubwa wake wa pembe ni kiasi cha dakika moja, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukubwa wa pembe hupatikana kwa kugawa kipenyo cha kitu kwa umbali wake, na dakika moja ni sawa na 1/3438 ya radiani. Kwa hiyo kitu hufikia ukubwa wa dakika moja kinapokuwa katika umbali ulio mara 3,438 ya kipenyo chake.

Tuchukue waya wa njia kuu wenye kipenyo cha sentimita 3:

umbali = 0.03 m × 3438 = mita 103.

Ndege ndogo huenda kwa mwendo wa kilometa 180 kwa saa, yaani mita 50 kwa sekunde. Mita 103 ni sekunde mbili tu.

Je, sekunde mbili zinatosha? Wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani wamekadiria muda anaouhitaji rubani ili kukiepa kitu kilichotokea mbele yake: kukiona, sekunde 0.1, kukitambua, sekunde 1, kufahamu kwamba anakwenda kukigonga, sekunde 5, kuamua la kufanya, sekunde 4, misuli kutii, sekunde 0.4, na ndege yenyewe kuitikia usukani, sekunde 2. Jumla ni sekunde 12.5. Kwa mwendo wetu, muda huo ni safari ya mita 625. Hata tukisema kwamba rubani mzoefu wa kunyunyizia dawa yuko tayari na hufanya yote hayo kwa nusu ya muda huo, bado anahitaji mita 300 na zaidi, naye anazo 103.

Msomaji makini atauliza: mbona mimi nikisimama barabarani naziona nyaya zilizo mbali kuliko mita 103? Swali ni la haki. Mstari mrefu mweusi ukiwa mbele ya anga nyeupe huonekana kutoka mbali zaidi kuliko kitone chenye upana uleule, kwa sababu ya tofauti kubwa kati ya weusi wake na mwanga ulio nyuma yake. Lakini sisi huutazama waya kutoka chini, mbingu ikiwa nyuma yake. Rubani huutazama kutoka juu au kutoka usawa wake, na nyuma yake pana vichaka, majani makavu na udongo. Aluminiamu nayo, ikikaa juani na mvuani miaka mingi, hupoteza mng'ao na kuwa ya kijivu. Waya wa kijivu mbele ya kichaka cha kijivu wakati wa kiangazi hauna kitu cha kuutofautisha.

Liko jambo la tatu, nalo halifahamiki sana. Tunapima umbali wa vitu vilivyo karibu kwa sababu tuna macho mawili: kila jicho hukiona kitu kutoka mahali tofauti kidogo, na ubongo huilinganisha picha hizo mbili. Lakini macho yetu yamepangwa kwa mlalo, na waya pia umelala kwa mlalo. Picha ya waya katika jicho la kulia haitofautiani na ile ya jicho la kushoto, maana kila sehemu ya waya inafanana na nyingine. Ubongo hukosa cha kulinganisha. Hivyo hata rubani aliyekwisha kuuona waya aweza kushindwa kabisa kujua kama uko mita 50 au mita 300 mbele yake.

Mwisho, tukumbuke saa ya kazi. Kwelea-kwelea hunyunyiziwa wakati wa magharibi, wanapokusanyika katika matete na miiba ili walale. Kazi inayomlazimisha rubani kuwa chini humlazimisha pia kuwa chini saa ambayo jua liko usawa wa macho yake upande mmoja, na giza linakusanyika upande wa pili.

4. Waya hauko mahali pamoja

Mtu aweza kudhani kwamba rubani akijua kimo cha waya atakuwa salama. Waya, hata hivyo, hauna kimo kimoja. Kati ya mnara na mnara waya hulegea kwa uzito wake na kufanya umbo lililo karibu sana na parabola. Kiasi cha kulegea katikati hupatikana hivi:

s = wL²/8T

ambapo w ni uzito wa kila mita ya waya, L ni umbali kati ya minara, na T ni nguvu inayouvuta waya. Tuchukue w kuwa nyutoni 15 kwa mita, L kuwa mita 400, na T kuwa nyutoni 25,000. Tutapata s = mita 12, kimo cha jengo la ghorofa tatu au nne.

Sasa tuongeze joto. Waya ulipoa usiku, kisha jua la mchana pamoja na mkondo wa umeme vikauongezea digrii 30. Kwa waya wa aluminiamu wenye kiini cha chuma, kipeo cha kutanuka ni kiasi cha 0.000019 kwa kila digrii. Urefu utaongezeka kwa 400 × 0.000019 × 30, yaani sentimita 23. Kiasi hiki chaonekana kidogo. Lakini urefu wa waya uliolegea ni takriban L + 8s²/3L, na mwanafunzi akikokotoa upya ataona kwamba s sasa ni kama mita 13.3, iwapo tutapuuza unyumbufu wa waya. Sentimita 23 za urefu zimeushusha waya kwa zaidi ya mita moja. Waya wa asubuhi na waya wa alasiri si mahali pamoja.

Hatari iliyofichika zaidi iko juu. Juu kabisa ya minara hupita waya mmoja au miwili isiyobeba umeme, ambayo kazi yake ni kuipokea radi na kuipeleka ardhini. Nyaya hizi ni nyembamba kuliko zile zilizo chini yake. Kwa kipenyo cha milimita 12, waya huu hufikia dakika moja ya pembe katika umbali wa mita 41, yaani pungufu ya sekunde moja. Rubani huziona nyaya nene, huinua ndege ili apite juu yake, huku akishukuru kwamba ameziona mapema. Kumbe amepanda kuelekea waya asiouona.

5. Kinachotokea waya unapoguswa

Ndege yenye tani 1.5 inayokwenda mita 50 kwa sekunde ina nishati ya mwendo ya ½ × 1500 × 50², yaani karibu jouli milioni 1.9. Nishati hiyo yote huukabili waya mahali pamoja: kwenye rafadha, kwenye miguu ya magurudumu, au kwenye ukingo wa bawa. Waya ukikatika upesi, huenda ndege ikaendelea. Usipokatika, huipunguzia ndege mwendo, na hapa ndipo lilipo balaa. Nguvu ya kuinua itokanayo na mabawa hulingana na mraba wa mwendo. Mwendo ukishuka kutoka mita 50 hadi 25 kwa sekunde, nguvu ya kuinua, kwa mkao uleule wa bawa, hubaki robo. Ndege iliyobebwa na robo ya nguvu inayoihitaji haina budi kuanguka.

Kwa rubani aliye juu, kimo ni akiba: anaweza kukibadili kiwe mwendo kwa kushusha pua ya ndege. Aliye mita 20 juu ya ardhi hana akiba ya kutumia.

Na umeme je? Ndege wa porini hutua juu ya waya mmoja bila kudhurika, kwa kuwa hakuna tofauti kubwa ya volti kati ya miguu yake. Lakini mabawa ya ndege ndogo huwa na upana wa mita 11 hadi 16 kutoka ncha hadi ncha. Yanaweza kugusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya na mnara. Hapo cheche kubwa huruka, na mafuta yaliyomo ndani ya mabawa yaweza kuwaka.

Hatari ya umeme ni kubwa zaidi kwa wale walio ardhini, nao mara nyingi huwa ni wanakijiji na wanafunzi wanaokimbilia kutoa msaada. Waya ulioanguka waweza kuwa bado una umeme hata kama umenyamaza. Umeme huenea katika udongo kuuzunguka, na volti hupungua kadiri tunavyokwenda mbali. Anayepiga hatua ndefu huweka mguu mmoja penye volti kubwa na mwingine penye volti ndogo, na mkondo hupita mwilini mwake. Kwa hiyo asikaribie mtu yeyote mpaka wahusika wa umeme wahakikishe kwamba njia imezimwa. Aliyekwisha kujikuta karibu aondoke kwa kuburuta miguu iliyobanana, bila kuiinua. Ni vigumu kusimama mbali na mtu anayeomba msaada, lakini mwokozi akifa hajaokoa mtu.

6. Njia za kujikinga

Njia ya kwanza ni kuufanya waya uonekane. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeelekeza kwamba nyaya zinazohitaji alama zivikwe maboya ya duara yenye kipenyo kisichopungua sentimita 60, kila boya likiwa na rangi moja, na rangi zikipishana: nyeupe na nyekundu, au nyeupe na rangi ya machungwa. Maboya ya sentimita 60 hayapaswi kuachana zaidi ya mita 30. Turudie hesabu yetu: 0.6 × 3438 ni zaidi ya mita 2,000, yaani sekunde 40. Boya moja limezigeuza sekunde mbili kuwa arobaini. Lakini haiwezekani kuvika maboya kilometa zote za nyaya za nchi. Huwekwa penye hatari zaidi, kama vile karibu na viwanja vya ndege, na penye mabonde na mito.

Njia ya pili ni kutafuta nguzo badala ya waya. Nguzo ni nene na huonekana. Rubani aliyefunzwa akiziona nguzo mbili huamini kwamba kuna waya kati yake, auone asiuone. Akiona nyumba moja yenye bati na taa porini hujiuliza umeme wake umetoka upande gani. Na anapolazimika kuivuka njia ya umeme huivuka juu ya mnara wenyewe, si katikati ya minara, kwa kuwa hakuna waya ulio juu kuliko kilele cha mnara.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni kujua kabla ya kuruka. Mnyunyizaji mwangalifu hulizunguka eneo la kazi kwanza akiwa juu, jua likiwa bado juu, na huandika kila waya katika ramani yake. Huwauliza pia wenyeji. Ramani ya mwaka jana haitoshi katika mkoa ambao kila mwaka hupata nguzo mpya. Si nyaya pekee: Singida ni mkoa wa upepo, na upepo wake umewahi kupimwa kwa ajili ya kuzalisha umeme. Milingoti myembamba ya kupimia upepo, pamoja na kamba zinazoishikilia, ni hatari ya namna ileile.

Hapa ndipo mwanakijiji anapokuwa na elimu ambayo rubani hana. Mwalimu wa sayansi anayejua nguzo mpya zimepita wapi, na akamwambia afisa kilimo kabla ndege ya kunyunyizia haijafika, amefanya kazi ambayo macho ya rubani hayawezi kuifanya.

7. Jaribio la darasani

Chukua uzi wa kijivu wenye urefu wa mita tano. Uwambe nje kwa mlalo, kwanza mbele ya ukuta mweupe, kisha mbele ya kichaka. Kila mwanafunzi arudi nyuma mpaka uzi umpotee, na umbali upimwe. Halafu fungia juu ya uzi vipande vya karatasi vilivyofinyangwa kama punje za mahindi, na upime tena.

Kwa jaribio la pili, uwambe uzi mbele ya ukuta mweupe, na ncha zake zifichwe kwa vitambaa. Mwanafunzi asimame umbali wa mkono mmoja, atazame kupitia tundu pana la karatasi bila kusogeza kichwa, kisha ajaribu kuugusa uzi kwa ncha ya penseli kutoka juu. Halafu uzi usimamishwe wima, naye aguse kutoka pembeni. Darasa lijadili kwa nini majibu hayafanani.

Maswali ya kujadili

1. Waya una kipenyo cha milimita 20, na ndege huenda kilometa 216 kwa saa. Waya utafikia ukubwa wa dakika moja ya pembe zikiwa zimesalia sekunde ngapi?
2. Umbali kati ya minara ukiongezwa mara mbili, w na T zikibaki zilevile, kulegea kwa waya kutaongezeka mara ngapi?
3. Chora ramani ya kijiji au mtaa wa shule yako ukionyesha kila njia ya umeme na kila mlingoti. Je, kuna mahali ambapo rubani mgeni asingetazamia kukuta waya? Eleza kwa nini.